Msifunge hitilafu ambayo bado ipo: barua ya wazi kwa wasimamizi wa programu huria

Kwa wasimamizi wa miradi ya programu huria inayotumika Afrika Mashariki,
Popote mlipo.

YAH: KUFUNGWA KWA TAARIFA ZA HITILAFU KABLA HITILAFU ZENYEWE HAZIJATENGENEZWA

Ndugu wasimamizi,



Nawaandikia nikijua kwamba wengi wenu hamlipwi kwa kazi hii, na kwamba mnaifanya usiku baada ya ajira zenu au mwisho wa wiki wakati wenzenu wamepumzika. Najua pia ukubwa wa kile mlichotupa. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanzishwa mwaka 2004, ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006 katika huduma za VVU magharibi mwa Kenya. DHIS2, inayojengwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, imebeba takwimu za afya za Kenya nzima tangu 2011, na wizara za afya za Tanzania, Uganda na Rwanda zinaitegemea kwa kazi hiyohiyo. Nyuma ya mifumo hii kuna Linux, MySQL na PostgreSQL. Mezani kwa makarani kuna LibreOffice na Firefox. Hakuna mwenye akili timamu anayetarajia programu isiyo na hitilafu. Malalamiko yangu yanahusu kinachotokea baada ya hitilafu kuonekana, kuelezwa vizuri na kufikishwa kwenu.

Kinachotokea katika miradi mingi ni kwamba taarifa hukaa wiki kadhaa bila kusomwa na yeyote, kisha roboti huja na kutangaza kwamba, kwa kuwa hakuna aliyeizungumzia, inafungwa. Hitilafu iko palepale. Toleo jipya linatoka nayo. Ila katika daftari lenu haihesabiwi tena miongoni mwa matatizo yaliyo wazi. Ninyi mnauita utaratibu huu usafi. Mimi nasema ni kuandika jambo lisilo la kweli katika kumbukumbu za umma, na naomba muuache. Sababu zangu ni hizi.

1. Daftari la hitilafu lilikuwa sehemu ya ahadi yenu tangu mwanzo. Mwaka 1994 Ian Jackson aliutengenezea mradi wa Debian mfumo wa kupokea taarifa za hitilafu kwa barua pepe, na mfumo huo unafanya kazi hadi leo. Kila taarifa hupewa namba, huwekwa hadharani, na hubaki wazi mpaka mtu aifunge akieleza sababu. Mwaka 1997 Debian waliandika mkataba wao na jamii, na kifungu kimoja cha mkataba huo kinaahidi kwamba hawataficha matatizo, na kwamba hazina yao yote ya taarifa za hitilafu itakuwa wazi kwa umma wakati wote. Mwaka uliofuata, Netscape walipoufungua msimbo wa kivinjari chao na mradi wa Mozilla ukazaliwa, Terry Weissman aliandika Bugzilla, mfumo wa kufuatilia hitilafu, nayo ikatolewa huria ili yeyote aitumie. Maana yake waanzilishi wa kazi hii walijua kwamba kufungua msimbo peke yake hakutoshi. Watumiaji wengi hawawezi kusoma msimbo. Wanachoweza kusoma ni maelezo ya mtumiaji mwenzao kwamba toleo fulani linapoteza data umeme ukikatika fomu ikiwa haijamaliza kuhifadhiwa. Kwa watu hao, uhuria wa programu unaonekana kwenye daftari la hitilafu kuliko mahali pengine popote, na ndiyo maana kulichezea daftari hilo si jambo dogo.

Roboti iliyosambaa zaidi kwa kazi ya kufunga taarifa katika GitHub ilikuja na mpangilio ufuatao: zikipita siku 60 bila mtu kuandika chochote, taarifa inabandikwa lebo ya kuchakaa, zikipita siku 7 zaidi, inafungwa. Hakuna hatua hata moja katika mpangilio huo ambapo programu inawashwa ili kuangalia kama tatizo bado lipo. Kinachopimwa ni ukimya, na ukimya una sababu nyingi. Aliyeripoti alipata njia ya kulizunguka tatizo. Alihamishwa kituo. Alisema yote aliyokuwa nayo ya kusema siku ya kwanza na hana la kuongeza. Au, na hili hutokea sana, hakuna aliyemuuliza swali, kwa hiyo hakuwa na cha kujibu. Katika hali zote hizo hitilafu haijaguswa, lakini afisa TEHAMA wa wilaya anayetafuta tatizo lake mtandaoni anakuta neno “imefungwa”, anaelewa kama mtu yeyote angeelewa, anapandisha toleo akitarajia nafuu, na anakutana na kosa lilelile. Mtu aliyeibiwa Tanzania huenda polisi, huandikiwa na kupewa namba ya RB. Hatukubali mkuu wa kituo achane ukurasa ule kwa hoja kwamba mlalamikaji hajarudi kwa miezi miwili, kisha atangaze kwamba wizi umepungua.

Umri wa hitilafu hauiponyi, na mifano iko wazi kwa kila aliye katika kazi hii. Hitilafu ya Bash iliyopewa jina la Shellshock ilitangazwa Septemba 2014, na ilikuwa imekaa ndani ya programu ile tangu 1989. Heartbleed iliingia katika OpenSSL na toleo la 1.0.1 lililotoka Machi 2012, ikadumu hadi Aprili 2014, na muda wote huo ilikuwa ikivujisha kumbukumbu za seva kwa yeyote aliyejua kuuliza. Ni kweli hizo hazikuwa zimeandikwa katika daftari lolote kabla ya kugunduliwa. Lakini zinathibitisha kwamba msimbo usioguswa unabaki kama ulivyo kwa miaka 2 au 25, na kwamba kanuni yoyote inayochukulia muda kuwa ushahidi wa kupona haina msingi katika namna programu zinavyofanya kazi.

Nitenganishe mambo hapa ili nisieleweke vibaya. KDE wana utaratibu ambao taarifa iliyo katika hali ya kusubiri maelezo ya mtumiaji hukumbushwa baada ya siku 15, na ikipita nyingine 15 bila jibu, hufungwa. Hapo kuna mtu aliyesoma, aliyeuliza swali mahususi, na anayesubiri. Siku 30 naziona chache kwa mtu ambaye mfumo wake unasimamiwa na ofisi nyingine, lakini msingi wa kanuni ni halali. Fedora hufunga taarifa toleo linapofikia mwisho wa kuhudumiwa, takribani miezi 13 baada ya kutoka, na husema wazi kwamba sababu ni kuisha kwa toleo. Huo nao ni ukweli, ingawa unamtwisha aliyeripoti mzigo wa kupima upya kila mwaka. Ninachokipinga ni kufunga taarifa ambayo haikuulizwa swali, haikupimwa, na haikukataliwa na mtu yeyote.

2. Hoja yenu kubwa ni uchovu, na hiyo siwezi kuipuuza. Mnasema taarifa ni maelfu na ninyi ni watatu, au mmoja. Mnasema kuamka kila asubuhi na kukuta idadi ya taarifa zilizo wazi imepanda kunavunja moyo kiasi cha kumfanya mtu aache mradi. Yaliyotokea kwa xz, programu ya kubana mafaili, yanatosha kutufunza sote. Mwaka 2022 watu waliojificha nyuma ya majina ya mtandaoni walimsakama msimamizi wake wa pekee, mtu ambaye alikuwa ameeleza hadharani kwamba hali yake ya afya ya akili haikuwa nzuri, hadi akamkabidhi sehemu ya madaraka mtu aliyejiita Jia Tan. Matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yaliyotoka mwanzoni mwa 2024 yakabeba mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za watu. Nani anaweza kusoma hayo kisha aendelee kuwadai wasimamizi watengeneze kila kitu na haraka? Mimi siwezi, na barua hii haiwadai hivyo.

Nawadai kitu kilicho rahisi zaidi: mtofautishe daftari la ukweli na orodha ya kazi zenu. Shida yote imetokana na kuvichanganya viwili hivi. Taarifa iliyo wazi inasema kwamba programu ina tatizo fulani. Haisemi kwamba fulani ameahidi kulitengeneza, wala lini. Mkiwa na taarifa 3,000 zilizo wazi na mna nguvu ya kutengeneza 40 mwaka huu, wekeni hizo 40 katika orodha yenu, na zile zilizobaki zitieni alama ya kwamba zimethibitishwa na hazina mtu. Debian wamefanya hivi miaka yote. Wana alama ya kusema hatutatengeneza, nyingine ya kusema tunahitaji msaada, nyingine ya kusema tunahitaji maelezo zaidi, nyingine ya kusema tumeshindwa kulirudia tatizo. Na taarifa yenye alama yoyote kati ya hizo hubaki wazi kwa sababu tatizo halijaondoka. Juu ya hapo kuna ngazi za uzito, kuanzia hitilafu inayoharibu mfumo mzima hadi jambo ambalo mtu analitamani tu. Mwaka 2021 namba za taarifa zao zilifika 1,000,000, zikihesabiwa zilizo wazi na zilizofungwa pamoja. Sijasikia mtu akisema kwamba namba hiyo inaonyesha Debian ni mbovu. Inaonyesha mradi unaoandika yanayousibu.

Kuna wanaosema kwamba taarifa ndogondogo ndizo zinazowaelemea, na kwamba roboti inasaidia kuchuja. Rudini kwa xz. Mlango ule wa siri ulifichuliwa Machi 29, 2024 na Andres Freund, ambaye alianza kwa kuona kwamba kuingia katika seva kwa ssh kunachelewa kama nusu sekunde, akaamua kuufuatilia ucheleweshaji huo hadi mwisho. Nusu sekunde. Hakuna kipimo cha uzito ambacho kingeipa dalili hiyo nafasi ya juu siku ya kwanza. Kama angekuwa mtumiaji wa kawaida asiye na ujuzi wa kuchimba mwenyewe, angeandika mistari miwili kuhusu ucheleweshaji, na katika miradi mingi mistari hiyo ingefungwa ndani ya wiki kumi bila mtu kuitazama.

Na kuna tatizo jipya ambalo nalikubali kikamilifu: taarifa za uongo zinazotungwa na akili mnemba. Daniel Stenberg, mwanzilishi wa curl, alianza kulalamika hadharani Januari 2024 kuhusu taarifa ndefu zenye lugha nzuri zinazodai kuna mianya ya usalama isiyokuwepo, zikiwa zimeandikwa na mashine kwa tamaa ya zawadi. Kusoma upuuzi ulioandikwa kwa ustadi kunachukua muda mwingi kuliko kusoma upuuzi wa kawaida. Zifungeni hizo siku hiyohiyo, bila huruma, na mwandike kwa nini. Lakini oneni kwamba roboti ya kuhesabu siku haiwasaidii kabisa katika hili. Anayetumia mashine kutunga taarifa atatumia mashine hiyohiyo kujibu ukumbusho wa roboti, na taarifa yake itabaki hai. Anayefungiwa ni muuguzi aliyekuwa zamu.

3. Mlango wa daftari ni mwembamba kwa watu wanaokutana na hitilafu nyingi. Fikirieni safari ya taarifa moja kutoka zahanati. Mhudumu anaona fomu inakataa kuhifadhi. Anamwambia mratibu wa takwimu wa wilaya. Mratibu anakusanya malalamiko kadhaa ya aina hiyo kabla ya kuyapandisha mkoani au wizarani. Wizarani kuna timu ndogo inayojua Kiingereza cha kiufundi na yenye akaunti katika mfumo wenu. Taarifa ikifika kwenu, imebeba uzoefu wa vituo vingi, lakini aliyeiandika hana njia ya kupima toleo lenu la wiki iliyopita, kwa sababu mfumo wa taifa haupandishwi toleo kila mwezi. Unapandishwa baada ya majaribio, mafunzo na vibali. Roboti inapomwambia athibitishe kwa toleo jipya kabisa ndani ya siku 7, inamtaka afanye jambo ambalo hana mamlaka ya kulifanya. Kisha anafungiwa, na katika GitHub taarifa iliyofungwa na upande wa mradi haiwezi kufunguliwa tena na aliyeileta. Katika Debian mtu yeyote anaweza kuifungua tena kwa barua pepe moja. Tofauti hiyo ni ya kimaamuzi, na maamuzi yanaweza kubadilishwa.

Barua pepe yenyewe ni jambo ninalotaka mlifikirie upya. Mnaiona ni teknolojia ya kizamani. Kwetu bado ina faida ambazo kurasa nzito za kisasa hazina: inaandikwa mtandao ukiwa haupo, inasubiri kwenye simu au kompyuta, inaondoka mawimbi yakirudi, na haitumii bando kubwa. Debian hawadai akaunti wala nenosiri. PostgreSQL, moja ya programu zinazoaminika zaidi duniani, imeendelea miaka yote kupokea na kujadili hitilafu zake kwa barua pepe. Kwa upande mwingine, mlango unaomilikiwa na kampuni moja unafuata sheria za nchi ya kampuni hiyo. Julai 2019 GitHub, ambayo Microsoft ilikuwa imeinunua mwaka mmoja kabla, ilizuia baadhi ya huduma zake kwa watumiaji wa Iran, Syria na Crimea kwa sababu ya vikwazo vya Marekani; Iran ilisubiri hadi Januari 2021 kurudishiwa. Nchi zetu hazimo katika orodha hiyo leo. Mradi unaohudumia wizara za afya haufai kuweka njia yake pekee ya kupokea taarifa mahali ambapo orodha kama hiyo inaweza kubadilika bila mradi kuulizwa.

Kuhusu lugha nitasema kwa ufupi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuandika barua ofisini kwa programu iliyomsemesha kwa Kiswahili. Alipokutana na kosa, alitakiwa kulieleza kwa Kiingereza. Miaka zaidi ya 20 baadaye hali ni ileile karibu kila mahali. Mnapoteza hitilafu ambazo wazungumzaji wa Kiingereza hawawezi kuziona, kama vile ujumbe unaounganishwa kwa vipande ambao kivumishi chake hakikubaliani na ngeli ya nomino. Mnapoteza pia zile za mazingira. OpenMRS ina sehemu ya kuonyesha kwamba tarehe ya kuzaliwa ni ya kukadiria, na sehemu kama hiyo haitokani na mawazo ya mtu ambaye kila mgonjwa wake ana cheti cha kuzaliwa. Msiseme kwamba hamna wasomaji wa Kiswahili. Pokeeni taarifa, ipeni namba, itieni alama ya lugha, na iacheni wazi. Wanafunzi wa kompyuta wa Dar es Salaam, Eldoret na Makerere wanatafuta namna ya kuingia katika miradi yenu. Kuhakiki taarifa, kuzifasiri na kuzipima ni kazi ya kweli inayofundisha kuliko kurekebisha herufi iliyokosewa kwenye maelezo. Wapeni haki ya kubandika alama na kufungua upya, hata kama hamtawapa haki ya kugusa msimbo.

4. Mnapohamisha daftari, hameni na namba zenu. Google Code ilitangaza Machi 2015 kwamba inafungwa, na Januari 2016 ikafungwa. Phabricator iliacha kuendelezwa na waanzilishi wake mwaka 2021. Jira, ambayo miradi mikubwa ya afya kama OpenMRS na DHIS2 imeitumia kwa taarifa zake, si programu huria, na Februari 2024 mwenye nayo alisitisha huduma kwa toleo ambalo watu walikuwa wakiliendesha kwenye seva zao wenyewe. Hakuna mfumo wa kufuatilia hitilafu utakaodumu kuliko programu mnayoihudumia, kwa hiyo kuhama si swali la kama bali la lini. Swali ni nini kinabaki. Wikimedia walipotoka Bugzilla kwenda Phabricator Novemba 2014, waliongeza 2,000 kwenye kila namba ya zamani, hivyo hitilafu namba 1 ikawa T2001, na yeyote mwenye namba ya zamani anaweza kuikokotoa mpya kichwani. Python walihamia GitHub Aprili 2022 na wakaliacha daftari la zamani lisomeke, kila ukurasa ukielekeza kwenye taarifa mpya. Hivyo ndivyo inavyofanywa na watu wanaojua kwamba namba hizo zimeandikwa ndani ya msimbo, katika miongozo, na katika ripoti za wizara ambazo hazitahaririwa tena. GNOME nao waliiacha Bugzilla yao isomeke baada ya kwenda GitLab, lakini mwaka 2021 taarifa nyingi za zamani zilizokuwa bado wazi zilifungwa kwa mkupuo, waliozileta wakiombwa kuzifungua upya mahali papya kama bado zinawasumbua. Nawaheshimu waliofanya kazi hiyo, ambayo haina shukrani. Hata hivyo nasema wazi kwamba gharama ya kuhama waliwaachia watumiaji, na mtumiaji aliyeripoti mwaka 2012 huenda haisomi tena anwani ile ya barua pepe.

5. Najua kuna taarifa ambazo hazifai kuwekwa hadharani mara moja. Mwanya wa usalama ufichwe mpaka dawa yake itoke, kisha ufunguliwe wote, kama Mozilla wanavyofanya. Sina ubishi na hilo.

Suala zima la kushughulikia taarifa za hitilafu lina upande wa fedha, na haki inanitaka niwataje wasiokuwa ninyi. Baada ya Heartbleed mwaka 2014, Linux Foundation ilikusanya kampuni kubwa kuchangia miradi iliyokuwa imeegemewa na kila mtu bila kulipwa na yeyote. Fedha zilipatikana baada ya madhara. Wizara zetu na wafadhili wao hulipia usimikaji, magari, semina na posho, lakini bajeti ya kumlipa hata mtu mmoja wa kushughulikia taarifa za hitilafu upande wa mradi ni nadra kuiona. Wasimamizi, iandikeni gharama hiyo katika kila makubaliano mnayoingia na taasisi ya umma. Mkiisema nyinyi, itasikika kuliko tukiisema sisi.

Ombi langu ni hili, na linaweza kutekelezwa kabla ya toleo lenu kuu lijalo. Zimeni kila roboti inayofunga taarifa kwa sababu ya muda peke yake. Kama mnaipenda, iacheni ibandike alama na ikomee hapo. Zifungueni upya taarifa ambazo roboti hiyo ilizifunga bila mtu kusoma, hata kama idadi itakayoonekana itawatisha. Wekeni anwani moja ya barua pepe inayopokea taarifa bila akaunti na kuzipa namba. Mwezesheni aliyeleta taarifa kuifungua tena yeye mwenyewe walau mara moja. Hifadhini nakala ya daftari lote nje ya kampuni inayolitunza, katika umbo ambalo mfumo mwingine unaweza kulisoma, na muichapishe kila mwaka. Pokeeni Kiswahili. Msipokubaliana na lolote kati ya haya, andikeni sababu zenu katika mwongozo wa wachangiaji wa mradi, mahali ambapo wizara, hospitali au shule inayofikiria kuichukua programu yenu itausoma msimamo huo kabla ya kuamua.

Wenu katika kazi,

Mtumiaji na mtetezi wa programu huria,
Dar es Salaam.